Fundi wa Brike na Pete Nyekundu

Fundi hakuvuta sigara hata moja maishani mwake, lakini nusu ya sigara za soko la Kasongo ziliwaka kwa kazi ya mikono yake. Alikuwa fundi wa brike, vile viberiti vya gesi ambavyo watu wa kwingine huvitupa vikiisha na sisi huvijaza tena. Meza yake ilipakana na yangu. Mimi niliuza mafuta: mawese kwenye madumu, mafuta ya taa kwenye chupa, na mafuta ya mbarika ya kupaka nywele kwenye vichupa vidogo. Watu walitutania kwamba siku moja gesi yake na mafuta yangu vitalilipua soko zima na msikiti wake.

Nataka kueleza alivyokuwa, bila asali wala pilipili. Najua sitaweza. Pilipili itaingia tu.

Alikuwa mwembamba, na kofia yake ilikuwa safi kuliko shati lake. Hakuanza kazi kabla ya kunawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, kama anayetaka kuswali. Kisha alitandaza kitambaa cheupe, kipande cha kanzu yake ya harusi, na kila alichokifungua alikipanga juu yake kutoka kulia kwenda kushoto, kwa mfuatano kilivyotoka. Wakati wa kurudisha alianza kushoto. Alivileta vitu karibu na uso hata kope zikavigusa, na wakati huo hakujibu salamu ya mtu yeyote. Lakini hakuzisahau. Alipomaliza alizijibu zote kwa mpigo, hata za watu waliokwisha kuondoka: "Alaikum salamu, mama wa samaki. Alaikum salamu, wewe wa pikipiki, na mama yako iko namna gani?" Nilicheka mpaka nikamwaga mafuta.

Vipande vya ndani ya vitu alivipa majina ya ukoo. Springi aliiita shemeji, kwa sababu ukimbana sana anarudi kukupiga. Kipete cha mpira kilikuwa bibi mdogo, kwa sababu kinataka kupakwa mafuta kila wakati, na kikikosa mafuta nyumba nzima inavuja. Mkewe, ambaye alikuwa bibi mkubwa na peke yake, hakuupenda utani huo hata kidogo.

Alikuwa na neno lake, nalo lilijulikana soko zima: "Kazi yangu, mimi sifumui." Akishamaliza kitu, amekimaliza. Mshonaji mmoja wa kike alimpelekea cherehani, na Fundi akafunga mkono wa kuzungushia upande wa kushoto. Mama wa watu akalalamika. Fundi akamwambia kazi imeshika, inazunguka, haipigi kelele, yeye hafumui. Yule mama akajifunza kushona kwa mkono wa kushoto, na baadaye akawa anajisifu nao. Hata mlango wa nyumba yake mwenyewe aliufunga ukafungukia nje, juu ya mtaro wa maji. Mkewe aliruka mtaro ule akitoka na akiingia, mimba kwa mimba, na Fundi hakuugusa mlango. Sisi tuliona ni kichekesho. Mimi nilicheka kuliko wote, na kicheko kile bado kinaniuma.

Tena alikuwa na msimamo uliotufanya tumheshimu. Siku moja alikuja askari na bastola ya kweli ambayo sehemu yake ya juu ilikuwa imekwama. Fundi alikalia mikono yake yote miwili.

"Shefu, mimi niko fundi wa moto wa sigara. Ule moto wako siujui."

Askari alimwambia ataujua. Fundi hakuinuka. Askari akaipiga meza teke, brike zikatapakaa mpaka chini ya madumu yangu, akaenda zake akitukana. Tulipokuwa tukiziokota, Fundi alininong'oneza: "Mama Zaina, huu mukono hautatengeneza kitu ya kuua mutu. Sikia vizuri." Nilisikia vizuri. Nimekuwa nikisikia miaka yote hii.

Baba Zaina, mume wangu, alikuwa akinunua dhahabu ya wachimbaji kule Salamabila na kuileta Kasongo. Njia ile kila mtu anaijua. Unapanda pikipiki, unashikilia roho yako, na msituni huangalii sana kushoto wala kulia. Walishamvua viatu mara moja, akarudi miguu mitupu. Basi siku moja akaona kwa mfanyabiashara wa miwani na wanasesere kitu kilichomfurahisha kama mtoto, akakinunua. Ilikuwa bastola ya kuchezea, lakini ya kuchezea wakubwa. Ilikuwa nzito mkononi. Magazini yake, ile sehemu inayoingia ndani ya mshikio, ilijazwa gesi ileile ya brike kupitia valvu ya chini. Ukiifyatua, gesi ilirusha kigololi cheupe cha plastiki na papo hapo ikasukuma kifuniko cha juu kikarudi nyuma kwa kishindo, kama ile ya askari. Kitu kimoja tu kilisema ukweli. Mdomoni ilikuwa na pete nyekundu ya plastiki, nyekundu ya kuonekana kutoka mbali.

"Watu wabaya wataiogopa," aliniambia.

"Na watu wabaya zaidi?" nilimuuliza. Akacheka.

Kosa la kwanza lilikuwa la kwetu sote wa huku. Kwetu panga linapakwa mawese, mnyororo wa baiskeli mawese, kufuli lililokauka mawese, na mtu akiungua mawese. Baba Zaina akachota kwenye dumu langu akaipaka bastola nje na ndani. Baada ya wiki mbili ikawa inapumua. Ukijaza gesi unasikia psss, na kifuniko kinakwama katikati ya safari. Akaipeleka kwa Fundi, akiwa ameificha ndani ya gazeti.

Fundi akanusa. "Nani alipikia hii kitu sombe?"

Mpaka leo nikipika sombe, majani ya muhogo kwa mawese, nalisikia swali lile. Baba Zaina alinigeukia mimi, kama kwamba mawese yalijipeleka yenyewe.

Nilidhani Fundi ataikalia mikono yake tena. Hakufanya hivyo. Aliigeuza, akakiona kigololi, akanawa mikono. Kwanza alitoa magazini. Kisha alichungulia ndani kuona kama kuna kigololi kilichobaki. Akavuta kifuniko nyuma kidogo, mpaka tundu lake likakaa sawa na kijiti kinachokishikilia, akakisukuma kijiti kutoka upande wa pili, na kifuniko kizima kikatoka kwa mbele. Shemeji alitaka kuruka, akamzuia kwa kidole gumba. Ukatoka mtutu na mpira wake mdogo wa ndani, kikatoka kipande alichokiita ulimi, kile kinachosukuma kigololi. Kipete cha mpira cha ulimi ule kilikuwa kimevimba kama mdomo wa aliyeumwa na nyuki.

"Unaona? Mpira haupendi mawese. Mawese inauvimbisha." Akaosha kila kipande kwa maji ya vuguvugu na sabuni, akakausha, akatafuta kati ya vipete vya brike kimoja kinacholingana. Halafu akanyoosha kidole kuelekea meza yangu bila kunitazama. "Mama Zaina, lete yako ya nywele."

Nikampa kichupa cha mbarika. Tone moja kwenye ncha ya kidole, akalipaka kwenye mpira kwa upole ambao sikuwahi kumwona akiutumia kwa mtu. Alipomaliza kuirudisha akaijaza gesi kidogo, akaifyatua mara moja kuelekea ukutani. Kishindo kile kiliwafanya wauza samaki wainame. Fundi akatabasamu, jambo lililokuwa adimu.

"Usiiache bila gesi kabisa, bibi mdogo atakauka. Wala usiifyatue ikiwa tupu. Na ukirudi kila safari, uilete."

Ikawa hivyo. Kila Baba Zaina aliporudi Salamabila, vumbi la njia lilikwenda kwangu kwenye nguo zake na bastola ikaenda kwa Fundi. Nilitazama mara nyingi mno hata mikono yangu ikajifunza bila ruhusa yangu. Naweza kuifungua hivi sasa nikiwa nimefumba macho.

Lakini niseme jambo ambalo watu hawakuliona. Fundi aliipenda. Mtu aliyekataa bastola ya askari aliishika hii kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Aliisikiliza. Aliibadilishia springi ili kifuniko kirudi kwa nguvu zaidi. Nilimuuliza kama ameyasahau maneno yake, naye akanijibu, "Hii haiui." Ilimpa kila alichokikataa, bila dhambi yake. Nadhani ndivyo alivyojidanganya, na sote tulimsaidia kujidanganya. Mafuta yalikuwa yangu.

Kisha ikaja habari ya kizuizi. Askari wa barabarani walimpekua Baba Zaina, wakaiona bastola kiunoni, bunduki zote zikamwelekea. Mmoja akaona pete nyekundu. "He! Iko ya watoto!" Wakacheka mpaka wakaegemea kamba ya kizuizi, wakamwachia apite. Habari ilifika Kasongo kabla yake. Soko likambandika jina: Baba Muchezo. Wauza samaki waliliimba akipita. Mimi nilimshukuru Mungu kwa ajili ya plastiki ile, lakini yeye aliona aibu hata akaacha kupita katikati ya soko.

Akaipeleka bastola kwa Fundi kusafishwa. Nilikuwa nikipimia wateja mawese, sikusikia walichozungumza. Iliporudi ndani ya kitambaa cheupe ilikuwa nyeusi toka mwanzo mpaka mwisho. Pete haikuwepo. Mdomo ulikuwa umesuguliwa na kutiwa rangi kwa ustadi kiasi kwamba hata mimi niliyeijua ningeiogopa.

Nyumbani nilimwambia arudishe wekundu.

"Ili waniite Baba Muchezo tena?"

"Ili uitwe kitu chochote ukiwa hai."

"Wewe ni mwanamke wa mafuta. Baki na mafuta yako."

Nikamjibu maneno ambayo sitayaandika hapa. Zaina, binti yetu, alikuwa mlangoni, akasikia yote. Asubuhi nikapata habari kwamba shangazi yangu amefariki kule Nyangwe, nikapanda pikipiki kwenda matangani. Sikumuaga Baba Zaina. Niliona nitamuaga nikirudi, hasira zikiwa zimepoa.

Aliyenieleza ni mwendesha pikipiki aliyembeba. Msituni, kabla ya Salamabila, watu wenye silaha waliwasimamisha. Hawakuwa na hasira, alisema, walitaka vitu tu. Waliwaambia wanyanyue mikono. Baba Zaina akanyanyua, koti likapanda, na pale kiunoni ikaonekana nyeusi. Wakampiga risasi kabla koti halijashuka. Kisha mmoja wao akaiokota bastola, akavuta kifuniko, vigololi vyeupe vikamwagika njiani. Wakatazamana. Mmoja akacheka. Wakachukua fedha zake, wakaitupa bastola juu ya kifua chake wakaenda, na mwendesha pikipiki akaniletea pamoja na koti lake.

Kwenye matanga ya mume wangu Fundi alikaa siku tatu akiegemea ukuta, hakula. Watu walimsifu kwa ujirani. Siku ya nne alihamisha meza yake upande wa pili wa soko, kule kwa wauza baiskeli. Aliniambia gesi na mafuta havifai kukaa pamoja. Baada ya miaka yote ile! Nilichukia, lakini nikadhani anaogopa mkosi wa mjane.

Ndugu wa mume wangu walisema ameuawa na majivuno. Nilianza kwa kukataa, nikaishia kwa kusema hivyohivyo, tena kwa sauti kubwa kuliko yao. Nikiwa na watoto nilisema: baba yenu alipewa nafasi ya kuishi akaona aibu kuitumia. Alipenda sura yake kuliko sisi. Bastola sikuitupa. Kila mwezi niliifungua, nikafuta, nikapaka mbarika kwenye vipete, nikairudisha, na muda wote huo nilikuwa nikimsema marehemu. Hakuna tone lililoingia mle bila lawama. Zaina alikua akinisikia. Alipojifungua mtoto wa kiume, wazee walingoja ampe jina la babu yake, kama desturi ilivyo. Akakataa. "Sitaki mwanangu abebe jina la mtu aliyetuuza kwa kicheko cha soko," alisema. Maneno yalikuwa yangu. Na kwa kweli ndani yangu niliona raha.

Mwezi uliopita mke wa Fundi alikuja kwangu. "Muzee anakuita. Anasema uje na ile kitu."

Nilimkuta kitandani, karibu na dirisha. Macho yake yameingia wingu jeupe, na mikono ile inatetemeka mpaka kwenye viwiko. Mlango bado unafungukia mtaroni. Nilimsalimu, akakaa kimya kirefu, nikadhani hakusikia. Kisha akaingiza mkono chini ya mto akatoa kopo la dawa ya viatu. Ndani yake ilikuwemo pete nyekundu.

"Ni mimi niliitoa," alisema. "Yeye aliniambia nisafishe tu. Hakuniambia pete. Mimi niliona inaharibu kazi. Kitu nzuri vile, na ile plastiki kwa mudomo. Akaipokea, akafurahi, akaniachia sifa yote."

Nilimwambia nilijua yeye ndiye mwenye mikono. Lakini mume wangu ndiye aliyekataa kuirudisha.

"Hapana, Mama Zaina." Taya zake zilianza kusogea, kama za mtu anayetafuna kitu kigumu. "Siku ile ulikuwa Nyangwe. Alikuja asubuhi, pikipiki inamungoja. Akaniambia, Fundi, rudisha ile nyekundu. Mama Zaina iko na haki, na mimi nilimujibu vibaya. Akirudi aikute."

Nilisikia sauti za watoto huko nje wakiruka mtaro.

"Ukamjibu nini?"

Alijua kwamba najua. Alisema hata hivyo, polepole, kwa sauti isiyokuwa na kiburi chake cha zamani. "Nilimuambia kazi yangu, mimi sifumui. Akacheka. Akasema basi, nikirudi utaifumua kwa nguvu. Akaiweka kiunoni akapanda."

Sikulia. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba machozi hayakupata pa kupita. Miaka yote ile nilimlaumu mtu ambaye alikuwa amekuja kunipa haki yangu asubuhi na mapema, mbele ya shahidi, na shahidi akahamisha meza yake. Nilitoa bastola kwenye kanga nikamwekea mapajani.

"Fumua."

"Mama, macho sina."

"Fumua, Fundi."

Aliomba maji, akanawa mpaka kwenye viwiko. Mkewe akatandaza kile kitambaa, ambacho sasa kilikuwa cha manjano. Akatoa magazini. Akachungulia ndani kwa mazoea, ingawa hakuona kitu. Kijiti kilimshinda mara tatu, nami sikumsaidia. Springi ikamponyoka ikaruka chini ya kitanda, mkewe akapiga magoti kuitafuta. Alipogusa kipete cha mpira aliacha kazi kidogo. Kilikuwa laini, kizima, kimeshiba mafuta.

"Uliitunza," alisema.

Sikumwambia nilivyokuwa nikisema wakati wa kuitunza.

Aliikwangua rangi ya mdomo kwa kisu kidogo, akatia gundi, akaivisha pete kwa kupapasa, akaishikilia kwa kidole mpaka ikashika. Kazi ambayo zamani ingemchukua nusu saa ilimchukua alasiri yote. Pete imekaa upande kidogo. Alipoirudisha yote alinipa kwa mikono miwili, akauliza kama nitamsamehe.

"Leo hapana," nilimwambia. Nikaruka mtaro nikaenda zangu. Nilisikia akijibu salamu yangu ya mwanzo nikiwa nimeshafika njiani.

Nyumbani Zaina alikuwa ananyonyesha. Nilifungua kanga juu ya meza. Aliitazama bastola, akataka kugeuka kama afanyavyo siku zote, kisha akauona mdomo.

"Nani aliirudisha hii nyekundu?"

"Baba yako," nilimjibu, nikavuta kiti.